Mtungi wa gesi wa kuchomelea nyumbani: uliza kwanza nani atakujazia

Habari zenu mafundi, na ninyi mnaochomelea uani jioni mkitoka kazini. Leo mezani nina mtungi wa chuma wa lita 10, ule mdogo unaouzwa pamoja na mashine za MIG, zile za kuchomelea kwa waya na gesi, kule Kariakoo na Gerezani. Wengi mmeniuliza kama unafaa kununua. Nitaeleza kwa kirefu, lakini msimamo wangu ni huu: kabla hujauliza bei ya mtungi, uliza nani atakujazia. Mtungi usio na wa kuujaza ni chuma chakavu, hata kama rangi bado inang'aa.

Sogeza kamera hapa begani. Mnaziona herufi zilizogongwa kwenye chuma? V 10 ni ujazo wa ndani, lita 10. WP 150 ni presha ya kazi, bar 150; bar ni kipimo cha presha. TP 250 ni presha uliyopimiwa. W ni uzito ukiwa mtupu, na huu ni kilo 13.6; iandikeni hiyo, tutaihitaji baadaye. Halafu kuna mwezi na mwaka wa kupimwa. Hapo ndipo jicho lako litulie. Mtungi wa presha kubwa hurudishwa kupimwa kwa maji kila baada ya muda, mara nyingi miaka 5 au 10 kutegemea kanuni inayofuatwa, na kituo makini kikikuta muda umepita hakikujazii. Ukiletewa mtungi wa mtumba, anzia hapa begani. Ukikuta mtu amepitisha grainda mpaka namba hazisomeki, mrudishie mwenyewe, usibembelezwe na bei.

Na rangi msiitegemee. Kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza argoni, gesi ya kukinga chuma kinachoyeyuka kisiguswe na hewa, ilikaa kwenye mtungi wa buluu. Kwa utaratibu wa Ulaya wa sasa bega la argoni ni kijani kilichokoza. Mitungi ya pande zote imeingia nchini, na mingine imepakwa rangi njiani. Soma lebo.

Sasa gesi yenyewe, maana hapa ndipo hela inapokwendea. Ukijaza argoni, au ile ya mchanganyiko wa argoni na CO2 (kabonidayoksaidi), hesabu ni rahisi: lita 10 mara bar 150, unapata kama lita 1,500 za gesi. Ukichomea kwa lita 12 kwa dakika, ni kama saa mbili za moto unaowaka kweli, bila kuhesabu muda wa kupima na kukata. CO2 ni tofauti, kwa sababu ndani ya mtungi hukaa kama kimiminika. Kilo moja inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Mtungi wa ukubwa huuhuu ukiwekwa kilo 6 unakupa zaidi ya lita 3,000, yaani zaidi ya saa nne kwa mtiririko uleule. Mara mbili ya argoni!

Bei nazo zina sababu. Argoni haifiki hata asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Kiwanda hupoza hewa mpaka iwe kimiminika, kisha huitenganisha argoni inayochemka nyuzi 186 chini ya sifuri na oksijeni inayochemka nyuzi 183, tofauti ndogo sana. CO2 huku kwetu inatoka hata ardhini: TOL Gases wanaivuna Rungwe mkoani Mbeya, na Kenya Carbacid wanayo ya asili kule Kereita, Kiambu. Kwa geti, grili na skwea paipu, mimi nasema CO2 tupu inatosha kabisa. Cheche zitakuwa nyingi kidogo na moto utakuwa mkali kwenye bati jembamba, lakini inazama vizuri kwenye chuma. Aluminiamu hapana, hiyo inataka argoni tupu. TIG, ile ya kuchomelea kwa ncha ya tungsten, pia ni argoni.

Sasa sikilizeni sana hapa, kwa sababu watu wanapunjwa. Kuna wanaojazia mtungi mdogo kutoka mkubwa kwa bomba la shaba lenye nati mbili. Presha ya mitungi miwili ikishalingana, gesi haiendi tena. Mkubwa wa lita 40 wenye bar 150 ukiunganishwa na huu wa lita 10 ukiwa mtupu, vyote vinasimama kwenye bar 120. Hapo umelipia mtungi mzima ukapewa asilimia 80. Na kama yule mkubwa ulishatumika nusu, una bar 75, wewe unaondoka na bar 60. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado ukapata pungufu. Kwa hiyo nenda na regulata yako, kile kifaa cha kupunguza presha chenye geji, funga palepale, soma geji kabla hujalipa.

Kwa CO2 geji haikusaidii. Maadamu kuna kimiminika ndani, presha haishuki: kwa joto la nyuzi 20 itasoma kama bar 57, uwe umejaa au umebaki robo. Ikianza kushuka ujue kimiminika kimekwisha. Hapa Dar mchana juu ya nyuzi 31 hicho kimiminika hakipo tena kama kimiminika, na presha inapanda kupita bar 70. CO2 hupimwa kwa mizani. Ile 13.6 mliyoandika: mtungi ukisoma 19.6 una kilo 6, ukisoma 16 una kilo 2 na nusu hivi. Mizani ya duka la nafaka inatosha. Na mizani inakulinda pia, kwa sababu CO2 ikijazwa kupita kiasi haina nafasi ya kutanuka, mtungi ukipigwa jua presha inaruka juu vibaya sana. Anayekujazia CO2 bila mizani, chukua mtungi wako uondoke.

Kuna pia mitungi ya kuzimia moto inayogeuzwa. Ile ina bomba ndani linaloshuka hadi chini ili kitoke kimiminika, si gesi. Ukiifunga hivyohivyo, regulata inaganda barafu na kuharibika. Kulitoa bomba ni kazi ya kituo chenye vifaa, usifungue koki mwenyewe.

Regulata hii iliyokuja na mtungi siipi alama nyingi. Geji ya presha ni nzuri, lakini kile kimpira cha kupimia mtiririko kinanata, na washa ya plastiki imekaa upande. Tena nyuzi za nati zinatofautiana: koki ya CO2 ya mtindo wa Kiingereza haiingiliani na regulata ya argoni, wakati mitungi mingi ya China inatumia nyuzi za aina moja kwa zote mbili. Pima kwa mkono dukani. Ikigoma, usilazimishe kwa spana, wala usizungushe tepu ya bomba la maji.

Hukumu yangu basi. Kama una kampuni ya gesi karibu, wekeni amana mchukue mtungi wao, mnarudisha mtupu mnapewa uliojaa. Kupimwa kwake ni juu yao, si juu yenu. Mtungi wa kwako kama huu nunua tu kama umeshaongea na kituo, umewatumia picha ya hili bega, nao wamekubali. Kama uko mbali na mji, au unachomelea nje ambako upepo wa bahari unapeperusha gesi yote, nunua waya usiohitaji gesi au baki na fimbo za kawaida za kuchomelea. Kazi itatoka.

Mkiupata, usafirishwe na kofia yake imefungwa, usimame umefungwa mnyororo ukutani, na msichomelee kwenye stoo isiyo na dirisha, kwa sababu argoni na CO2 zote ni nzito kuliko hewa, zinajaa chini bila harufu. Msiumalize mpaka sifuri, bakizeni bar chache mfunge koki, unyevu usiingie.

Walioko Mwanza, Dodoma na Mtwara, andikeni hapo chini mnajazia wapi, na kama wanaupima mtungi kwenye mizani mbele yenu.