Kamera au penseli: ipi ya kumuulizia mvuvi habari za kesho?

Unataka wavuvi wa Lamu wakuonyeshe wanavyoiona kesho yao, tangu gati la kwanza la bandari mpya lianze kazi mwaka 2021. Ubebe nini? Kamera ya video ni ghali, na chumvi ya pwani haina huruma na lenzi. Lakini hunasa mkono unaosita juu ya jarife, yaani wavu wa kuvulia, na kimya kinachofuata swali. Penseli na karatasi ya manila ni bei ya chai, tena huchora kisichokuwepo bado. Mzee mmoja alinichorea mashua juu ya nchi kavu, akacheka, akaifuta. Karatasi ilibaki na doa tu. Kamera ingekiweka hata kile kicheko. Una siku mbili? Penseli. Una msimu mzima, na umeme wa kuchaji? Kamera, ila waishike wenyewe.