"Mama, wewe fuata tu": uzoefu wangu na somo la wagonjwa wa dayalisisi

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Mama yangu ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kwa mashine (ndiyo dayalisisi) mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Kituo kinajisifu kwamba kinatoa elimu kwa wagonjwa, basi tukaalikwa kwenye somo. Somo lenyewe ni kusomewa. Dada mmoja alisimama mbele akasoma karatasi ya makatazo tangu juu hadi chini, na waliomsikiliza wengine walikuwa wametoka kwenye mashine muda uleule, wamechoka hoi.

Mama akanyoosha mkono. Akauliza vile vidonge vya kuzuia fosforasi, madini ya kwenye chakula ambayo yakizidi mwilini huleta muwasho, vina kazi gani, maana anavimeza kila siku na mwili bado unamwasha usiku, anajikuna hadi kutoka damu. Akajibiwa mbele za watu: "Mama, wewe fuata tu, hayo mengine tuachie sisi." Dada akafungua ukurasa unaofuata.

Tuachie sisi! Wiki ina saa 168, nyinyi mnakaa naye 12. Hizo 156 zilizobaki anaachiwa nani?

Na jibu lenyewe ni fupi. Vidonge vile hunasa fosforasi ya chakula humohumo tumboni, kabla haijaingia kwenye damu. Ukivimeza tumbo tupu, havina cha kunasa. Pakiti iliandikwa 1x3 tu, kwa hiyo Mama akawa anameza alfajiri, alasiri na wakati wa kulala, mbali kabisa na chakula. Miezi! Na kila kipimo kikirudi kibaya, lawama ni zake: "mgonjwa hafuati masharti".

Aliyetufungua macho ni nesi wa jioni, siku Mama alipobadilishiwa zamu. Hakuwa na karatasi yoyote. Alivuta kiti kando ya mashine, akashika vidole vya Mama vya mkono wa kulia, akaviweka juu ya fistula ya mkono wa kushoto, yaani pale mishipa ya damu ilipounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu. "Unasikia inavyotetema? Hiyo ni damu inapita. Iguse kila asubuhi kabla hujashuka kitandani. Ukikuta kimya, usingoje siku yako ya mashine, tupigie hapohapo." Akamwambia mkono ule haupimwi presha wala hautolewi damu ya vipimo, na akimjia mtu na kifaa, amkatalie, hata akiwa daktari. Kisha akasema, "Haya, sasa nifundishe mimi." Mama akaeleza, akakosea kidogo, akarekebishwa bila kufokewa.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja mtetemo haukuwepo. Tukapiga simu, akawahishwa, damu iliyoganda ikaondolewa, fistula ikapona. Angengoja siku yake, huenda leo angekuwa na katheta, mpira wa kupitishia damu, shingoni.

Nilikuja hapa kuwaambia msiende. Sasa siwezi kusema hivyo. Zamu ya jioni naipa alama zote. Ila kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuwaka, kwa sababu wenzake Mama wa asubuhi hakuna aliyewashikisha fistula zao. Mzee mmoja bado alikuwa anatumia chumvi mbadala akidhani ni salama. Chumvi hizo nyingi ni potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mtu wa figo, moyo unaweza kusimama. Aliyemwambia ni mimi, niliyekuja tu kumsindikiza mama yangu!

Nimewaandikia uongozi: yule dada wa karatasi akae kwanza na nesi wa jioni, ndipo asimame tena mbele ya wagonjwa. Hadi leo hawajanijibu.