Sabufa inayojizima katikati ya wimbo: uzoefu wangu

Nimevumilia vya kutosha, sasa nasema. Sabufa niliyonunua kukamilisha seti yangu ya nyumbani inajizima muziki ukiwa unaendelea. Si baada ya muziki kwisha, la. Wimbo uko katikati, mwimbaji anaimba, spika mbili za mbele zinafanya kazi yake, na kule pembeni taa ya kijani inageuka nyekundu na besi inatoweka. Baadaye mpiga gitaa akikaza kidogo, rilei (swichi ya umeme) iliyo ndani inagonga "tak!", inafuata "duf!" moja nzito ya kutikisa meza, halafu besi inarudi kama mtu aliyekurupushwa usingizini, nota kadhaa zimeshampita. Nyumba ikiwa imetulia usiku, hiyo "duf" inatosha kumwamsha mtoto chumba cha pili.

Jina la kampuni siliweki. Tabia hii iko kwenye sabufa za kampuni nyingi, na nataka anayepanga kununua aelewe tatizo lenyewe. Wati na inchi pia siziandiki, zipo kwenye boksi.

Nianze na haki ya vitu viwili ambavyo havina kosa. Amplifaya ni nzuri, sina neno nayo. Strima, kifaa kinachovuta muziki kutoka mtandaoni, nayo inafanya kazi yake bila kunisumbua: inashika wifi, inapiga albamu kutoka wimbo mmoja hadi mwingine bila kukatika katikati, na programu yake ya simu haigandi. Nimeifunga sauti yake isibadilike, kwa hiyo inatoa volti 2 kamili kama CD pleya, na kupandisha au kushusha sauti ni kazi ya amplifaya peke yake. Ukiacha vitasa viwili vya sauti kwenye njia moja, siku mambo yakiharibika hujui uanzie wapi. Kumbukeni hizo volti 2, nitazirudia.

Na niseme ukweli mwingine hata kama umenichukiza leo: sabufa hii ikiwa macho, inapiga vizuri mno. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko kwenye hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika zangu ndogo za rafu hazifiki huko, zinakupa sehemu ya juu ya nota na ubongo wako unajazia iliyobaki. Amplifaya yangu ina krosova ya ndani, yaani kichujio kinachozitenga sauti za chini ya hezi 80 na kuzipeleka zote kwa sabufa, jambo ambalo amplifaya nyingi za stirio hazifanyi; nyingi zinakupa tundu la sabufa tu na kuziacha spika ndogo zihangaike na besi isiyo saizi yake. Nilipozipunguzia mzigo huo spika zangu, hata sauti za waimbaji zilisafika. Kuna rekodi ya kontrabasi ninayoipenda, nimeisikiliza miaka na miaka nikidhani naijua. Usiku wa kwanza nilisikia kidole kikiuachia uzi na mbao ya chombo ikijibu. Niliirudia na kuirudia.

Kufika hapo kulikuwa na kazi. Niliipandisha sabufa kwenye kiti ninachokalia mwenyewe, nikaweka wimbo ambao besi inapanda na kushuka nota kwa nota, kisha nikatambaa kandokando ya kuta nikitega sikio mpaka nikapata mahali ambapo hakuna nota inayovimba wala inayomezwa. Hapo ndipo nikaishusha na kuiweka. Halafu ikaja swichi ya fezi, ya kugeuza mwelekeo wa wimbi la sauti, nyuzi 0 au 180. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4.3 hivi, kwa hiyo sabufa ikiwa mbali na spika kwa mita mbili na kitu inaweza kuanza kuzipinga badala ya kuzisaidia, na besi ikapungua wakati unadhani umeongeza. Kwangu 180 ndiyo iliyojaza. Nasema haya ili mtu asije akaniambia sikuipanga vizuri. Niliipanga.

Sasa usiku.

Mimi msikilizaji wa usiku. Watu wakishalala ndipo napata nafasi, na sauti inakuwa ya chini, kiasi cha kusikia saa ya ukutani ikigonga wimbo ukiisha. Na ni kwenye sauti ya chini ndipo sabufa inapohitajika kuliko wakati wowote. Hili limejulikana tangu 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walipopima masikio ya watu na kuonyesha kwamba kadiri sauti inavyopungua, sikio linapoteza besi kwanza. Kwenye usikilizaji wa taratibu, mlio wa hezi 50 unahitaji zaidi ya desibeli 30 (kipimo cha nguvu ya sauti) juu ya mlio wa hezi 1000 ili sikio liione milio hiyo miwili ina ukubwa sawa. Ndiyo maana muziki wa usiku unakuwa mwembamba, na ndiyo maana mtu kama mimi ananunua sabufa. Siinunui kuvunja vioo. Nainunua ili nisikie besi wakati wengine hawasikii kitu.

Na hapo hapo ndipo hii inapojizima.

Sababu yake si siri. Sabufa inapima volti zinazoingia kwenye waya. Zikikaa chini ya kiwango fulani kwa muda, inaamua hakuna muziki na kujizima. Lakini waya huo unatoka kwenye amplifaya, na volti zake zinafuata kitasa cha sauti. Chukua zile volti 2 za strima, zishushe kwa desibeli 50 kama mtu anavyofanya usiku: zinabaki milivolti 6 hivi, na hapo ni pale wimbo unapopiga kwa nguvu zake zote, jambo ambalo ni nadra. Sehemu za taratibu zinakuwa chini ya hapo mara nyingi. Mimi nasikia muziki, sabufa inaona waya mtupu. Sabufa nyingine zina swichi nyuma, ya kuchagua ijizime yenyewe au ikae macho siku zote, unaisukuma na habari imekwisha. Hii haina. Nimeizungusha, nimeangaza kwa tochi ya simu, nimesoma mwongozo jalada hadi jalada. Kuna neno moja tu, kwamba inajiwasha na kujizima "kwa urahisi wako". Urahisi wangu!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Haya ndiyo yaliyonifanya niandike, maana hitilafu ya kifaa naweza kuivumilia kuliko jeuri ya mtu.

Nilieleza taratibu, tangu strima hadi taa nyekundu. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akauliza, "Unasikilizia sauti ya ngapi?" Nikamtajia namba inayoonekana kwenye amplifaya. Akacheka kidogo.

"Hiyo ndogo mno, kaka. Ongeza sauti."

Nikamwambia ni usiku, watu wamelala.

"Sasa kaka, sabufa ya nini kama hutaki isikike?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na sabufa yenyewe, mwongozo mapajani, na nilihisi masikio yanapata moto. Nikamuuliza kwa upole uliobaki kama kuna njia ya kuzima hiyo tabia ya kujizima. Akasema haipo, na kwamba ni sheria ya kubana umeme, si wao. Akaniuliza kama kuna lingine. Kabla sijapata la kusema simu ikakatwa.

Hakuna mahali kwenye boksi palipoandikwa kwamba sabufa hii ni ya watu wanaosikiliza kwa kelele tu. Kama pangeandikwa ningeiacha dukani kwa amani. Na mtu anayelipwa kusaidia wateja wa vifaa vya muziki akishindwa kuelewa kwa nini mtu anataka besi kwa sauti ya chini, basi haelewi anachokiuza.

Na sheria asinisingizie. Ipo kweli. Ilianza na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1275 ya mwaka 2008, ambayo mwaka 2025 ilipisha kanuni mpya, na tangu 2013 ilitaka vifaa vya umeme vya nyumbani viweze kujipeleka vyenyewe kwenye hali ya kupumzika vikiwa havifanyi kazi yake, na vikiwa huko visile umeme zaidi ya kiwango kidogo sana, kwa kawaida nusu wati. Ni kanuni nzuri, naiunga mkono. Lakini inasema vikiwa havifanyi kazi! Sabufa iliyo katikati ya wimbo inafanya kazi. Kampuni nyingine zimeuza sabufa chini ya kanuni hiyo hiyo zikiwa na swichi nyuma, kwa hiyo anayesema sheria imemfunga mikono anakwepa.

Mbaya zaidi, amplifaya yangu ina tundu la triga. Ukiiwasha inatoa volti 12 kwenye waya mwembamba, na kifaa chochote chenye tundu la kupokea kinakaa macho mpaka uizime. Tundu moja dogo tu lingeniondolea usumbufu wote huu. Sabufa haina. Waliweka mzunguko wa kupima volti, wakaweka taa ya rangi mbili, wakaacha tundu.

Nilikuwa nimeshaitoa waya na kuitafutia boksi lake. Niliazimia kuirudisha, na makala hii ingeishia hapa kwa nyota moja.

Kilichonizuia ni menyu ya amplifaya. Ndani kabisa, baada ya mipangilio ya krosova, kuna sehemu ya kupandisha ishara ya sabufa peke yake, hadi desibeli 10 juu. Desibeli 10 ni volti mara tatu na kidogo. Zile milivolti 6 zinakuwa 20 hivi. Nikapandisha mpaka mwisho, kisha nikaenda kwenye sabufa nikashusha kitasa chake mpaka besi ikarudi kiasi kile kile nilichokizoea. Sikioni hakuna kilichobadilika, lakini sabufa inapokea volti nyingi zaidi kwenye mlango wake. Usiku huo nikasikiliza albamu nzima kwa sauti ile ile niliyochekewa. Taa ikabaki kijani. Na ile kontrabasi, jamani, ilikuwa nzito na laini, imekaa sakafuni mahali pake, na hakuna mtu aliyeamka.

Nilifurahi kwa dhati. Halafu nikakasirika upya, maana hili ni jambo la dakika chache na mtu wa huduma kwa wateja alitakiwa kulijua kabla yangu. Angesema, "Kaka, pandisha ishara kwenye amplifaya, shusha kitasa kwenye sabufa," ningekuwa namsifu hapa.

Pia dawa hii haiponyi kabisa. Nyimbo zenye besi muda wote ziko salama. Lakini weka sauti ya mtu na gitaa moja la kawaida, nyimbo kadhaa mfululizo bila kitu chini ya hezi 80, sabufa inajizima tena, na besi ikija kuingia nota ya kwanza inapotea na "duf" inasikika. Juzi imenifanyia hivyo kwenye wimbo ambao uzuri wake wote uko pale besi inapoingia. Mtungaji ameisubirisha makusudi, umeshika pumzi, halafu unapata kishindo cha rilei. Nilizima kila kitu nikaenda kulala.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uinunue, jibu linategemea. Kama unasikiliza mchana kwa sauti ya kawaida, nunua, kwa sababu ikiwa macho sijasikia sabufa ya ukubwa huu inayoungana na spika ndogo vizuri hivi. Kama wewe ni wa usiku na amplifaya yako haina sehemu ya kupandisha ishara ya sabufa, achana nayo kabisa, utaichukia. Na yoyote utakayonunua, igeuze nyuma kabla hujalipa. Tafuta swichi ya kuiacha imewaka, au tundu la triga la volti 12. Muuzaji akikwambia hayo hayana umuhimu, mwambie awashe kwa sauti ya kunong'ona na msubiri pamoja hapo hapo.

Nilitaka kuweka nyota tatu. Kila nikikumbuka kile kicheko kwenye simu naona ni mbili, na mbili hizo ni za besi. Nimewaandikia barua pepe kuwaomba swichi kwenye toleo lijalo na namna ya kutuunganishia triga sisi ambao tumeshanunua. Hawajajibu.