Kipimo cha DNA cha nasaba ya kiume: uzoefu wangu katika kumtafuta baba wa babu mzaa babu

Nilinunua kipimo hiki kwa sababu ya karatasi mbili zisizokubaliana. Ya kwanza ni nakala ya hati ya wakfu wa shamba la mikarafuu huko Pemba, ambamo mwenye shamba anamtaja babu mzaa babu yangu miongoni mwa watoto wake. Ya pili niliiona kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja: ukurasa wa daftari la mahakama unaoonyesha mama wa babu huyo akipewa uhuru pamoja na mtoto mmoja wa kiume, na mwenye shamba yule yule akilipwa fidia.

Anayeijua amri ya Sultani wa Zanzibar ya Aprili 1897 ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria atauona mgongano huo mara moja. Amri ile ilimruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na serikali ikamlipa bwana fidia, lakini masuria, yaani watumwa wa kike walioishi na mabwana zao kinyumba, iliwaweka kando kwa kuwahesabu kama wake, wasiweze kudai uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili, na hali hiyo ikaendelea hadi 1909. Kwa hiyo mwanamke aliyeachwa huru kwa fidia hakuwa suria machoni mwa mahakama. Hati ya wakfu inaelekea upande mwingine, kwani katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni muungwana, na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa.

Kipimo chenyewe kinasoma kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake tu, kwa hiyo mimi mwanamke nisingeweza kujipima. Nilimwomba ami yangu, mwenye umri wa miaka 78. Alikaa barazani akasugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, taratibu, kama ilivyoelekezwa, kisha akakitumbukiza katika kichupa cha maji ya kuhifadhia na kukifunga mwenyewe. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ikija jawabu tusiyoitaka, utatwambia?" Nikamwahidi kwamba nitamsomea kila kitu.

Majibu yalichukua wiki tisa. Ami ni wa kundi la J1, mojawapo ya makundi makubwa ya nasaba za kiume, na ripoti ikatuonyesha ramani ya Bara Arabu iliyotiwa rangi, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kana kwamba shauri limekwisha. Hapa ndipo ninapoilaumu kampuni, kwa sababu maelezo hayo yanapotosha. J1 ni ya kawaida Uarabuni, lakini nasaba za kiume kutoka ng'ambo zimo katika damu ya watu wa mwambao tangu zamani. Utafiti wa mifupa ya makaburi ya Waswahili uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika tangu karibu mwaka 1000. Babu mzaa babu yangu angeweza kuwa mtoto wa mvuvi wa Kipemba na bado akawa na J1.

Kilichosaidia kweli ni kumpata mwanamume wa ukoo wa mwenye shamba, anayeishi Maskati, aliyekubali kupimwa kwa moyo mweupe. Kati ya alama 37 za kromosomu Y zilizolinganishwa baina yake na ami, zililingana 36. Hiyo ni damu ya nyumba moja, na nilipomsomea ami alinyamaza kitambo kirefu. Hata hivyo, kipimo hakiwezi kumtenganisha mwenye shamba na ndugu yake wa kiume, wala na mtoto wa ndugu yake, na hati ya wakfu inamtaja ndugu aliyeishi shambani hapo hapo. Ikiwa baba alikuwa ndugu huyo, daftari la mahakama halikukosea, na mwenye shamba alimwingiza mtoto wa nduguye katika wakfu kama wake.

Ninakipendekeza kipimo hiki kwa mwenye mtu wa kulinganishwa naye. Asiye naye atalipa zaidi ya dola 100 kwa ajili ya ramani. Tena, hakisemi lolote juu ya mama. Daftari linamwandika kuwa Mnyasa, yaani mtu wa pande za Ziwa Nyasa, na kwamba alikuwa na mahali pa kukaa na kazi ya kumlisha, kama amri ilivyomtaka athibitishe. Ni kwa ajili yake nimeomba majalada mengine Kilimani, na ami ameniambia nisiende bila yeye.