Boksi la detoksi la wiki moja: kilichotoka ni maji na choo

Ndani ya boksi kuna vitu vitatu: vijipakiti vya chai ya kunywa usiku, kopo la unga wa kukoroga asubuhi, na karatasi ya ratiba inayokutaka unywe juisi za matunda na majani mabichi badala ya chakula kwa wiki nzima. Juu yake imeandikwa kwamba litatoa sumu, litasafisha ini na figo, na litaondoa kitambi. Sumu ipi? Niligeuza boksi pande zote nikitafuta jina la sumu hata moja, sikuliona.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima. Aliyelinunua ni dada yangu mkubwa, akaniomba tufanye pamoja asije akakata tamaa njiani. Nilikubali kwa sababu nilijua ataendelea hata nikikataa, na nilitaka awe na mtu wa kumpima presha. Dada anatumia dawa za presha, zile za kukojosha.

Chai ndiyo yenye nguvu kuliko vyote, na kazi yake ni kuharisha. Humo mna sanamaki, dawa ya siku nyingi ya kufungua choo. Hospitalini tunampa mgonjwa aliyefunga choo, kwa dozi inayojulikana na kwa muda mfupi. Kwenye pakiti hizi dozi haikuandikwa, na jina lenyewe limefichwa mwishoni kwa herufi ndogo. Unakunywa usiku, alfajiri tumbo linasokota. Likishatulia unaliona limebonyea, suruali imelegea, na ni rahisi kuamini kwamba mafuta yameyeyuka. Lakini sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, sehemu kubwa ya nguvu yake imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji, mabaki, na chumvichumvi ambazo mwili unazihitaji, hasa potasiamu.

Dawa ya dada nayo hupunguza potasiamu. Kabla wiki haijafika katikati alianza kulalamika kwamba misuli ya miguu inakaza na anapata kizunguzungu akiinuka. Nilimpima amekaa, presha ilikuwa sawa, aliposimama ikashuka. Nikamwambia, "Dada, chai hii basi." Alinuna, maana mizani ilikuwa inampa moyo, lakini aliacha na akaenda kupimwa damu. Potasiamu ilikuwa chini ya kiwango. Kwa mtu anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo, upungufu kama huo unaweza kuvuruga mapigo vibaya sana. Na mwanamke anayetegemea vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba kuhara sana kunaweza kuvizuia visifyonzwe. Boksi halisemi neno juu ya hayo yote, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko uongo kuhusu sumu.

Sasa mizani. Mwanzoni tu ilishuka karibu kilo mbili, na dada alifurahi kweli. Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukila kidogo sana akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mafuta hayaendi haraka hivyo: kilo moja ya mafuta ina kalori zipatazo 7,700. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku akinywa juisi za kalori 800, kwa siku tatu amepungukiwa kalori 3,600, yaani hata nusu kilo ya mafuta haifiki. Tuliporudi kula kawaida, kilo zile zilirudi ndani ya siku chache.

Unga ni maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi pamoja na udongo wa bentonaiti. Ukiunywa, choo kinatoka kirefu, cheusi, kinanata kama kamba, na karatasi inakwambia huo ni uchafu wa miaka uliogandamana utumboni. Si kweli. Ni huohuo unga ulioumuka kwa maji na kuchukua umbo la utumbo. Madaktari huingiza kamera kwenye utumbo mpana kila siku, na ukuta wake hawaukuti na gamba kama hilo.

Ini hubadilisha pombe na amonia kuwa vitu visivyodhuru sana. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kutoa mkojo wa lita moja au mbili. Zikichoka, zinayemhitaji ni daktari. Juisi zenyewe zinaweza kuziumiza: mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 65 ambaye figo zake ziliharibika moja kwa moja baada ya kujisafisha kwa juisi nzito za majani yenye oksaleti nyingi, kemikali ya mimea inayoweza kuganda kama fuwele ndani ya figo. Alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo na kutumia antibayotiki kwa muda mrefu, mambo yaliyomweka hatarini zaidi. Na watafiti Klein na Kiat, katika mapitio yao ya mwaka 2015, hawakupata hata jaribio moja la kulinganisha kwa nasibu, yaani la kuwagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi, lililopima detoksi za kibiashara kwa binadamu.

Nikiri zuri lililokuwepo: wiki ile hatukugusa soda, pombe wala vya kukaanga, na tulilala mapema. Dada alisema kichwa kimekuwa chepesi, nami namwamini. Hayo hayakutoka kwenye boksi.

Sishauri mtu alinunue. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, mjamzito na anayenyonyesha, nawaomba wasilionje kabisa. Kama umeshaanza na unasikia misuli inakaza, moyo unadunda ovyo au unaona giza ukisimama, acha chai leo na uende ukapimwe potasiamu na figo. Beba na pakiti, mpe daktari asome zile herufi ndogo.