Misimu miwili na lenzi ya 70-200 iliyotumika: uzoefu wangu wa kupiga picha za farasi Nairobi

Watu wawili wameniuliza mwezi huu kama lenzi ya milimita 70-200 yenye f/2.8 (uwazi mpana unaoingiza mwanga mwingi) inamfaa mtu anayeanza kazi ya picha za farasi. Wote niliwajibu "inafaa, nunua," nikaendelea na shughuli zangu. Jibu hilo limekuwa likinisumbua. Niliponunua yangu hakuna aliyenieleza zaidi ya hivyo, na yale ambayo sikuelezwa yalinigharimu pesa. Nimeitumia misimu miwili sasa: mbio za Jumapili kwenye uwanja wa Ngong, mashindano ya kuruka viunzi, polo (mchezo wa mpira juu ya farasi) pale Jamhuri, na mazizi ya watu binafsi kuanzia Karen hadi Limuru. Haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na kazi iliyonilazimisha kununua. Mama mmoja wa Karen alikuwa anauza farasi wake jike, akaniita nimpigie picha za tangazo. Nilikuwa na lenzi ndogo iliyokuja na kamera, ya 18-55. Nikasogea hatua mbili tatu kutoka kichwani mwa farasi, nikapiga picha ambazo kwa macho yangu zilikuwa nzuri. Yule mama alizitazama kwenye kompyuta, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si farasi wangu. Kichwa hiki ni cha punda."

Alisema kweli. Farasi ni mnyama mrefu, kutoka puani hadi mkiani ni zaidi ya mita mbili. Ukimsimamia karibu na kichwa kwa lenzi pana, kichwa kinavimba, makalio yanasinyaa, na miguu ya nyuma inakuwa kama ya mbuzi. Anayenunua farasi huangalia mgongo, bega na miguu kama fundi anavyoangalia nguzo za nyumba. Ukivipotosha hivyo, umemharibia mwenye mali soko lake. Nilimrudishia yule mama pesa yake yote.

Dawa ni kurudi nyuma mpaka farasi mzima aingie kwenye picha, upige goti mpaka kamera iwe usawa wa kifua cha farasi, upige kwa milimita 135 kwenda juu. Wengi hudhani lenzi ndefu ni ya kuvuta kilicho mbali. Kwangu kazi yake kubwa ni kumrudishia farasi umbo lake. Hata kama hutakanyaga uwanja wa mbio maisha yako yote, ukapiga farasi wa kuuzwa tu, sababu hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Yangu niliipata mjini, katika duka linalouza vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza, kwa KSh 95,000. Muuzaji aliniapia kwamba kioo ni safi. Nilikitazama kwenye mwanga wa dirisha nikaridhika. Mvua za masika zilipokwisha, siku moja nilikuwa nasafisha lenzi usiku kwa tochi ya simu, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimetambaa pembeni mwa kioo cha ndani. Kuvu. Fundi alinitoza KSh 7,000 kuifungua na kuisafisha, akaniambia kuvu lile halikuanza kwangu. Kwa hiyo usinunue lenzi iliyotumika bila kumulika tochi kutoka nyuma huku unachungulia mbele. Muuzaji akikataa, mwachie lenzi yake. Siku hizi nailaza kwenye ndoo yenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Sasa uwanjani. Ngong Racecourse ipo tangu 1954, na ukisimama pale kwenye ukingo Jumapili ya Julai utaelewa kwa nini watu wanalipia hiyo f/2.8. Julai Nairobi ni kijivu. Saa kumi jioni mawingu yamefunika, na farasi wengi wa mbio ni wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, wanaonyonya mwanga kama blanketi. Ili kwato zisimame kwenye picha nahitaji shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) ya 1/1600 ya sekunde angalau. Kwa lenzi ya f/5.6 nilikuwa nalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 na picha inajaa chembechembe. Kwa f/2.8 mwanga unaoingia ni mara nne zaidi, kwa hiyo nabaki ISO 800 na manyoya ya shingo yanahesabika. Miezi ya jua shida ni nyingine. Tupo karibu na Ikweta, jua la mchana linasimama utosini na uso wa joki unapotea ndani ya kivuli cha kofia yake. Hapo lenzi haisaidii kitu. Subiri mbio za jioni.

Kuna jambo ambalo hata lenzi ya milioni haitakufanyia, nalo ndilo ninalotaka wanaoanza wanisikie. Picha zangu za mwanzo zilikuwa kali, zimetulia, na hazinunuliwi. Sikujua kwa nini, mpaka mzee mmoja saisi, mtu aliyelea farasi tangu ujana wake, aliponiomba kamera akapitia picha moja moja. Alikuwa akisema tu, "Hapana. Hapana. Hapana. Hii." Nikamuuliza hii ina nini. Akasema, "Mguu." Katika zile alizozikataa, farasi amenaswa mguu wa mbele umekunjika au umelemewa, anaonekana kama anajikwaa. Katika ile moja, mguu wa mbele umenyooka mbele na kifua kimepanda.

Akanipeleka kando ya uwanja wa mazoezi, akaniambia nifumbe macho. "Sikiliza kwato." Farasi akienda matiti, yaani mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia, utasikia mapigo mawili, ta-ta, ta-ta, kwa sababu miguu inatua kwa jozi za mshazari. Kwenye shoti, yaani mbio, ya taratibu mapigo ni matatu kisha kimya kidogo. Kwenye shoti kamili ni manne yanayofuatana upesi, halafu kimya. Kimya hicho ndicho farasi yuko hewani. Ndicho kile alichokinasa mpiga picha Eadweard Muybridge huko Palo Alto, California, mwaka 1878, kwa kamera nyingi alizozipanga mstari, akamaliza ubishi wa siku nyingi. Farasi huiacha ardhi kwa miguu yote minne, lakini huiacha ikiwa imekusanyika chini ya tumbo, si ikiwa imetawanyika mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Kwa mpiga picha wa kazi, maana yake ni kwamba usibonyeze ukiona, kwa sababu ukiona umeshachelewa. Hesabu mapigo, bonyeza kidole kikitangulia kidogo. Nilifanya mazoezi hayo wiki tatu bila kulipwa, na mauzo yangu yalianza hapo, si siku niliyonunua lenzi.

Kwenye viunzi 200 inatosha kabisa. Nalenga kiunzi chenyewe mapema, namsubiri farasi afike, napiga magoti yakiwa yamekunjwa juu na mgongo umepinda kama upinde. Ila zima ile shata ya kimya. Niliiwasha nikidhani nawahurumia farasi wenye woga, na nikarudi nyumbani na picha ambazo miguu ya farasi imejipinda kama mpira, kwa sababu kamera yangu husoma picha mstari kwa mstari wakati farasi anaendelea kusogea. Mlio wa shata ya kawaida farasi huuzoea. Mwanga wa flashi sijawahi kuutumia karibu na farasi wala sitautumia. Anayebebwa mgongoni ni mtoto wa mtu.

Na kwa kuwa nimetaja watoto, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha ya mtoto juu ya farasi siiweki popote bila mzazi kukubali kwa maandishi. Nina fomu ya ukurasa mmoja, naigawa asubuhi kabla ya mashindano.

Polo ndiko lenzi hii iliponiangusha. Uwanja wa polo una urefu wa mita 274 na upana wa karibu mita 146. Kamera yangu ina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kidogo, kwa hiyo 200 inafanya kazi kama 300, na bado haikufika. Nilikuwa nimemwahidi mchezaji mmoja picha 10 za yeye akipiga mpira. Mchezo wote ukahamia upande wa pili. Nilikata picha kwenye kompyuta mpaka uso wake ukawa madoa, nikampelekea 3 zilizofaa, na hakulipa. Simlaumu. Sasa nikienda Jamhuri natafuta nafasi nyuma ya goli upande mmoja, naahidi kile tu kitakachonijia, na kama kazi ni kubwa nakodi lenzi ya 400 kwa siku.

Uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Hautishi mkononi dukani, lakini kufikia mbio ya sita bega linawaka. Mguu mmoja wa kusimamishia kamera ni lazima, na uachane na ukanda wa shingoni kabisa. Vumbi la Ngong Januari linaingia kila mahali, na farasi mmoja alinipigia chafya kwenye kioo nikiwa nampiga picha ya uso. Weka kichujio cha mbele, yangu inachukua cha milimita 77.

Upande wa video ndio ulioniingizia pesa kuliko nilivyotarajia. Sisemi zile za mwendo wa polepole zenye muziki, ingawa nazo nafanya: fremu 100 kwa sekunde zikichezwa kwa 25 zinakupa mwendo wa robo, manyoya yanapepea, wenye farasi wanazipenda. Nasema video za kuuzia. Mnunuzi aliye mbali anataka kumwona farasi akitembea, akienda matiti, akienda shoti, akizunguka kushoto na kulia, kisha akija na akiondoka kwenye ardhi ngumu. Video isikatwe, isiwekewe muziki. Wa kwanza niliyemtengenezea niliweka muziki mzuri, akanirudishia akaniambia nitoe. Farasi anayechechemea kidogo utamsikia kabla hujamwona, pigo moja linakuwa zito kuliko lingine, na muziki unaficha hilo. Video ya namna hiyo ni kumwonyesha mtu mali ilivyo. Natoza KSh 12,000. Lenzi inafanya kazi vizuri hapa ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma. Kwenye uwanja mdogo wa mita 20 kwa 40 farasi akipita karibu anatoka nje ya fremu, kwa hiyo nasimama nje ya uzio, konani.

Picha moja nauza KSh 1,500, nalipwa kwa M-Pesa, na wengi wanazitaka jioni ile ile wakiwa bado na furaha ya ushindi. Nachagua 5 kwa kila farasi nikiwa bado uwanjani. Natuma kwa WhatsApp kama faili la hati, si kama picha, la sivyo zinabanwa mpaka ukali wote ule niliolipia unapotea. Lenzi ilijilipa katika mwezi wa tano.

Kwa hiyo ukiniuliza tena: ndiyo, nunua, na uinunue kabla hujabadilisha kamera. Kamera yangu ni ile ile ya zamani na hakuna mteja aliyewahi kuuliza ni ya aina gani. Kama kazi yako itakuwa polo tu, tafuta lenzi ndefu zaidi. Kama huna KSh 95,000, kodi kwa Jumapili mbili kwanza, na Jumamosi zake ukasimame kando ya uwanja wa mazoezi umefumba macho.

Kuna picha moja ambayo siiuzi. Baada ya miezi kadhaa niligundua kwamba katika maelfu ya picha zangu, masaisi wote wamekatwa. Unaona mkono umeshika hatamu na bega nusu, basi. Ndio wanaoamka saa kumi alfajiri, na hawamo. Tangu hapo kila tukio napiga picha moja ya saisi na farasi wake, wote wawili wazima, naichapisha na kumpelekea. Yule mzee nilimpa yake kwenye karatasi kubwa. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, akaangalia miguu ya farasi kwanza, akaangalia masikio, kisha ndipo akajiangalia mwenyewe.