Kuongeza oksijeni au kupunguza matumizi yake katika uvimbe wa puru
Seli za saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) zilizo mbali na mishipa ya damu hukosa oksijeni, na kuziua kunaweza kuhitaji mionzi karibu mara 3 ya kawaida. Njia ya kwanza ni mgonjwa kuvuta kabojeni, yaani oksijeni yenye kabonidioksaidi kidogo, kupitia barakoa iliyombana usoni akiwa amelala chini ya mashine ya mionzi. Ikiambatana na nikotinamidi, aina ya vitamini B3, iliwafaa wagonjwa wa saratani ya kibofu nchini Uingereza. Lakini sehemu kubwa ya oksijeni hiyo hutumiwa na seli zilizo karibu na mishipa kabla haijafika kwa zile za mbali. Ndiyo maana naipa uzito njia ya pili: atovakuoni, dawa ya malaria ya kumeza, hupunguza matumizi ya oksijeni katika mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, hivyo ikabaki ya kuzifikia seli za mbali. Kwenye puru, zote mbili bado si tiba ya kawaida.